Je, ilikuwa sawa mitandao kufuta madai ya "corona imetoka maabara"? Tujadili

#1 Bandarini_Tanga

Habari za jioni wakuu.

Mtandao wa kijamii ukifuta jambo ambalo wanasayansi wenyewe bado wanabishana, unalinda watu au unawaziba midomo?

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya, huu mwaka wa kumi na sita. Machi 2021 niliandika kwenye kundi letu la wafanyakazi wa afya katika mtandao mmoja mkubwa, sitautaja. Nilisema ajali za maabara zipo, nikatoa mifano inayojulikana, nikauliza kama Wuhan haiwezekani. Kesho yake asubuhi posti haipo, na mimi nimezuiwa kuandika siku saba. Ujumbe ulisema nimesambaza taarifa za uongo zinazoweza kudhuru watu.

Miezi miwili baadaye upepo ukageuka. Tarehe 26 Mei 2021 hata Facebook ikatangaza kwamba haitafuta tena madai kuwa kirusi kimetengenezwa na binadamu. Siku hiyohiyo Biden akawapa mashushushu wake siku 90 wachunguze asili yake. Posti yangu haikurudi hadi leo. Naomba anielimishe mtu: kilichokuwa uongo Machi kilipataje kuwa hoja halali Mei?

#2 Kiroboto

Pole mkuu. Ila siku saba ni chache, jirani yangu alifungiwa mwezi mzima kwa kutangaza nyungu kuwa inamaliza kila kitu kifuani. Wewe umepewa likizo tu.

#3 Dada_wa_Chwaka

Pole Bandarini, lakini mimi nitasimama upande wa pili. Mwaka ule nilimuuguza baba mdogo. Alianza na video ya kirusi kutengenezwa, akaja na video ya chanjo kutengenezwa ili tusizae, mwisho akawa haamini hata mashine ya oksijeni. Alikuwa anaivua puani usiku tukilala. Nilikuwa naamka saa nane naukuta mrija umeshikwa mkononi kama tasbihi.

Mnaongelea uhuru wa kuuliza. Mimi namwongelea mzee ambaye hakupata video moja ya swali, alipata hamsini za majibu. Kama zingefutwa zote nisingelia.

#4 Msomi_Ughaibuni

Kwanza tutenganishe mambo, maana humu tayari yamechanganyika. Kuna madai matatu. La kwanza, kirusi ni silaha iliyoundwa makusudi. La pili, kilifanyiwa mabadiliko katika utafiti kisha kikatoka kwa bahati mbaya. La tatu, ni kirusi cha asili kabisa, kilichukuliwa kwa popo porini, kikahifadhiwa maabara, mtafiti akaambukizwa. Hayo si mamoja. Makala ya Andersen na wenzake katika Nature Medicine, Machi 2020, ilipinga kwa nguvu hasa kile cha kuundwa. Magazeti yakaandika kana kwamba yote matatu yamezikwa.

Kabla ya hapo, Februari 2020, wanasayansi 27 walitoa barua kwenye jarida la The Lancet kulaani wanaosema kirusi si cha asili. Aliyeipanga ni Peter Daszak, ambaye taasisi yake ilikuwa imeshirikiana na maabara ya Wuhan katika utafiti wa virusi vya popo. The Lancet ilikuja kuongeza maelezo ya maslahi hayo Juni 2021, mwaka mzima na zaidi baadaye. Mitandao ilijifunza "makubaliano ya wanasayansi" kutoka kwenye karatasi kama hizo.

#5 Nyegere

Mnazunguka bure. Facebook ilianza kufuta tangu Januari 2020 kwa amri ya serikali ya Marekani, ili kumlinda Fauci, daktari mshauri wa serikali hiyo. Iko wazi.

#6 Wakili_wa_Mwanza

Nyegere punguza kasi. Januari 2020 rais alikuwa Trump, na Trump ndiye aliyesema Aprili 2020 kwamba ameona ushahidi wa maabara. Serikali yake ingeamuru yafutwe maneno ya rais wake?

Kwa mwaka ule wa kwanza, njia kubwa ya Facebook ilikuwa kubandika onyo na kupunguza usambaaji baada ya wahakiki wa nje kusema ni uongo. Aprili 2020 peke yake walibandika onyo kwenye machapisho kama milioni 50, kwa kutegemea makala kama 7,500 tu za wahakiki. Maana yake mhakiki anaandika makala moja, mashine inatafuta yanayofanana. "Kimetengenezwa na binadamu" iliingizwa kwenye orodha ya kufutwa tarehe 8 Februari 2021, wakati huo Biden keshaapishwa, na walisema wameshauriana na Shirika la Afya Duniani.

Kuhusu shinikizo, hapo una robo ya ukweli. Agosti 2024 Zuckerberg aliliandikia Bunge la Marekani kwamba mwaka 2021 maafisa wa Biden walimsukuma mara kwa mara aondoe baadhi ya maudhui ya Uviko, hata ya utani. Lakini kesi ya Murthy dhidi ya Missouri, Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa majaji 6 dhidi ya 3 kuwa walalamikaji hawakuwa na hadhi ya kisheria ya kushtaki. Haikusema serikali ilikosea, wala haikusema haikukosea.

#7 Nyegere

Sawa wakili, tarehe nakubali. Lakini "walimsukuma mara kwa mara" ndiyo hiyohiyo amri, imevaa kanzu.

#8 Msomi_Ughaibuni

Angalieni na tarehe inayofuata hiyo ya Wakili. Tarehe 9 Februari 2021, kesho yake, Peter Ben Embarek wa ujumbe wa WHO, hilo Shirika la Afya Duniani, alikaa mbele ya waandishi Wuhan akasema ajali ya maabara ina "uwezekano mdogo mno" kwa makadirio yao. Ripoti ilipotoka mwishoni mwa Machi, Tedros mwenyewe akasema nadharia zote bado ziko mezani na uchunguzi zaidi unahitajika. Mkuu wa shirika anasema bado ziko mezani, na wakati huohuo moja ya nadharia hizo inafutwa kwa kulitegemea shirika lake. Hapo ndipo mimi naona kosa.

#9 Mhaya_Mtulivu

Niwapeleke nyuma kidogo. Mwaka 1984 nilikuwa darasa la nne, Kanyigo. Ugonjwa ulikuwa umeingia na hauna jina, watu wakauita Juliana, kwa zile nguo zilizokuwa zinatoka Uganda na wafanyabiashara wa magendo. Kwetu walisema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa mali. Nasikia upande wa pili wa mpaka walisema ni uchawi wa Watanzania. Mama alikuwa na gauni la Juliana, la maua mekundu. Alilichoma nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na nakumbuka lile jasho la plastiki linavyotoka kwenye kitambaa kikiungua. Shangazi yangu hakuwa na gauni hilo na alikufa vilevile.

Baadaye tukiwa sekondari likaja lingine, kwamba Ukimwi umetengenezwa Marekani kwenye maabara ya Fort Detrick. Tuliliamini sana. Lilionekana la kisomi kuliko uchawi.

#10 Wakili_wa_Mwanza

Pole kwa shangazi, mzee.

Hilo la Fort Detrick lina historia inayojulikana. Lilichapwa 1983 katika gazeti la India liitwalo Patriot, likarudiwa na gazeti la Kisovieti 1985, likapambwa na mwanasayansi wa Ujerumani Mashariki, Jakob Segal. Kazi ya KGB, ujasusi wa Kisovieti. Mwaka 1992 Primakov, mkuu wa ujasusi wa Urusi, alikiri. Kwa hiyo Dada wa Chwaka ana hoja: madai ya asili ya kirusi yanaweza kuwa silaha ya dola.

#11 Dada_wa_Chwaka

Ndiyo maana yangu. Na wakati ule hayakusafiri kwa sekunde.

#12 Kasuku_wa_Kisangani

Salamu kutoka Kongo. Mmemtaja Ukimwi, basi mnipe nafasi, maana hapa kwetu ndipo iliposimama nadharia nyingine.

Mwisho wa miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Stanleyville, kulikuwa na kambi ya sokwe huko Lindi, nje ya mji, kwa majaribio ya chanjo ya polio ya daktari Koprowski. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper akatoa kitabu kikubwa akidai chanjo ile ilichafuliwa na kirusi cha sokwe ndipo Ukimwi ukaanza. Wanasayansi wengi walikasirika. Lakini Januari 2000, vita vikiwa vimeshika mji, walikuja watafiti: William Hamilton, mzee mwenye jina kubwa huko Uingereza, na kijana Michael Worobey. Waliingia msituni kutafuta kinyesi na mkojo wa sokwe wapime. Hamilton alipata malaria, akarudi Uingereza, akafa Machi mwaka huohuo.

Majibu kamili yalitoka 2004: kirusi cha sokwe wa hapa kwetu si ukoo wa kile kilichoenea kwa watu. Kile asili yake ni sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun. Nadharia ikaanguka. Haikufutwa na mtu, ilipimwa. Mimi nilizaliwa kwenye mji uliosingiziwa, na nasema bora kupimwa kuliko kufutwa, kwa sababu ukifutwa unabaki unanyooshewa kidole kimyakimya.

#13 Msomi_Ughaibuni

Kasuku umenigusa, na kisa chako kinaendelea. Worobey huyohuyo ndiye mmoja wa wanasayansi 18 waliosaini barua ya Mei 2021 katika jarida la Science, wakitaka maabara na wanyama vichunguzwe kwa uzito sawa. Barua ile ndiyo iliyogeuza upepo anaousema Bandarini. Kisha akaenda kupima ramani za wagonjwa wa Desemba 2019, na Julai 2022 yeye na wenzake wakachapisha kwamba wagonjwa wa mwanzo walizunguka soko la Huanan mjini Wuhan, palipouzwa wanyama hai, hata wale ambao hawakuwa na uhusiano na soko. Yaani alitetea haki ya kuuliza swali, halafu jibu lake likaegemea sokoni.

#14 Nyegere

Na FBI? Na CIA?

#15 Msomi_Ughaibuni

FBI wanasema maabara, kwa uhakika wa kati. Wizara ya Nishati ya Marekani 2023 na CIA Januari 2025 wamesema maabara, kwa uhakika mdogo. Kamati ya wataalamu ya WHO, Juni 2025, imesema ushahidi uliopo unaegemea kuruka kutoka kwa wanyama, ila nadharia zote zinabaki mezani hadi China itoe taarifa zilizoombwa. Hapo ndipo tulipo. Anayekwambia limekwisha, upande wowote, mwombe ushahidi wa mnyama aliyeambukizwa au wa daftari la maabara. Hakuna hata kimoja.

#16 Dada_wa_Chwaka

Kasuku, simulizi yako nzuri, lakini kati ya 1999 na 2004 kulikuwa na nini? Mwaka 2003 Kano, Nigeria, walisimamisha chanjo ya polio karibu mwaka mzima kwa uvumi kwamba ina Ukimwi na inaua uzazi. Polio ikatoka pale ikaenda nchi nyingine za Afrika. Sisemi Hooper ndiye aliyewatuma. Nasema mwanasayansi ana miaka mitano ya kungoja majibu, mtoto hana.

#17 Kasuku_wa_Kisangani

Dada, hilo siwezi kulibisha. Nafikiri juu yake.

#18 Mpita_Njia254

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Niko Nairobi. Nilifanya kazi ya kuhakiki maudhui ya Kiswahili kwa kampuni moja ambayo sitaitaja, miaka hiyo mnayoizungumzia. Watu hudhani kulikuwa na jopo la madaktari. Kulikuwa na mimi, skrini, na orodha ya madai kwa Kiingereza. Posti inakuja, una chini ya dakika moja, unachagua kipengele, inakuja nyingine. Kabla ya yako ya Wuhan umeona maiti, baada yake unaona mtoto anapigwa. Kichwa hakibadiliki haraka hivyo.

Orodha ilisema madai ya "kutengenezwa". Sasa Waswahili wanaandika "kirusi kimetoka maabara". Kimetoka kwa kuundwa, ama kimetoka kwa kuponyoka? Kwa Kiingereza ni maneno mawili mbalimbali. Kwetu ni "kutoka" tu, hata mtoto anatoka shule. Mimi nilikuwa nikiacha nyingi. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa akifuta zote, na sote tulikuwa na alama nzuri mwisho wa mwezi.

#19 Kiroboto

Asante dada/kaka kwa hili, hatujawahi kusikia kutoka upande huo.

Na mashine ikisoma "Kirusi kimetoka maabara" si itadhani ni lugha ya Putin imehitimu chuo?

#20 Mhaya_Mtulivu

Kiroboto usitutoe kwenye mada. Ingawa kweli, zamani redioni tulisikia "virusi" tu hata kikiwa kimoja.

#21 Kiroboto

Na "Uviko" ilipokuja nusu ya mtaa wetu walidhani ni ugonjwa mpya wa pili.

#22 Wakili_wa_Mwanza

Turudi. Wote mmeilaumu California, makao ya Facebook. Mimi nawauliza kuhusu hapa nyumbani. Kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha taarifa za mlipuko wa ugonjwa hatari au wa kuambukiza, ndani ya nchi *au kwingineko*, bila idhini ya mamlaka husika. Kwingineko! Kwa hiyo Bandarini, hata mtandao ungekuachia, kuuliza kuhusu Wuhan ukiwa Tanga ungeweza kukuweka matatani. Takwimu zetu zilikoma kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Mei tukasikia Rais Magufuli akisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na corona. Mtu wa maabara aliyetaka kueleza jinsi kipimo kinavyoweza kukosea angeandika wapi?

#23 Bandarini_Tanga

Wakili, hapo umegusa kidonda. Wiki ile ya papai nilikuwa zamu. Watu walikuja dirishani kutuuliza kama vipimo vya malaria navyo ni vya papai. Sikuandika neno. Niliogopa kazi yangu. Ndiyo maana mwaka uliofuata nilipopata ujasiri wa kuandika swali moja kuhusu nchi ya mbali, na likafutwa, liliniuma kuliko inavyostahili.

#24 Mhaya_Mtulivu

Na msimsahau yule daktari wa Wuhan, Li Wenliang. Tarehe 30 Desemba 2019 aliwaandikia wenzake kwenye kundi la WeChat kwamba kuna wagonjwa 7 wa SARS kutoka soko la Huanan. Kundi la madaktari, kama la Bandarini. Tarehe 3 Januari polisi wakamsainisha karatasi kwamba amesema uongo. Februari akafa kwa ugonjwa huohuo. Na kitaalamu *alikosea*, haikuwa SARS ile ya 2003. Ukipima kwa kanuni ya "si sahihi, futa", hata yeye angefutwa kihalali.

#25 Nyegere

Mzee hapo umemaliza mjadala.

#26 Dada_wa_Chwaka

Haujaisha. Li alikuwa anaonya watu wajilinde. Video za baba mdogo zilikuwa zinamwambia asijilinde. Mkipima kwa kanuni moja mnakosea, mkipima kwa madhara mnaona tofauti.

Halafu, msisahau kwa nini wengi waliogopa mada hii huko Marekani: Trump anasema "kirusi cha China", Waasia wanapigwa barabarani. Na Wachina nao Machi 2020 msemaji wao Zhao Lijian akaandika Twitter kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililokileta Wuhan. Pale mhariri wa kawaida alishika kichwa akasema bora nifute vyote.

#27 Msomi_Ughaibuni

Ila Twitter hawakumfuta Zhao. Mei 2020 walimbandikia alama ya "pata ukweli wa mambo". Mimi ningependa alama kama hiyo kwa wote: "jambo hili bado linachunguzwa." Si kufuta, si kuacha tu.

#28 Mpita_Njia254

Alama hiyo haikuwepo kwenye vipengele vyangu. Kulikuwa na futa, acha, ama peleka juu. Ukipeleka juu nyingi unaulizwa.

Bandarini, ile posti unayo? Nataka kuiona.

#29 Bandarini_Tanga

Ninayo, nilipiga picha ya skrini kabla ya kukata rufaa. Nainakili neno kwa neno:

"Wenzangu wa afya, ajali za maabara zipo, tusijifanye hazipo. 1978 Birmingham, ndui ilimuua mpiga picha wa kitivo cha tiba, maabara ilikuwa ghorofa ya chini ya chumba chake. 2004 Beijing, SARS iliwapata watafiti, mama wa mmoja akafariki. Je, Wuhan haiwezekani? Hawa jamaa wametengeneza wenyewe halafu dunia nzima inahangaika, na sisi huku barakoa moja tunavaa wiki."

#30 Mpita_Njia254

Nimeona. Ni hiyo "wametengeneza wenyewe". Mstari wa kwanza hadi swali ningekuachia bila kufikiri. Nikifika pale, kwa orodha niliyokuwa nayo mwezi ule, ningefuta.

#31 Bandarini_Tanga

Lakini nilimaanisha wametengeneza tatizo! Kwa uzembe, kwa kuficha. Kama mtu anavyosema "umejitengenezea mwenyewe". Sikumaanisha kirusi.

#32 Mpita_Njia254

Nakuelewa sasa, baada ya kukusoma kurasa tatu. Siku ile ningekuwa na sekunde arobaini.

#33 Dada_wa_Chwaka

Bandarini, sina nia ya kukuumiza. Nimeisoma mara mbili, na mara zote nimeelewa kirusi.

#34 Kasuku_wa_Kisangani

Mimi nimeelewa tatizo.

#35 Bandarini_Tanga

Ngoja niingie zamu, wameniita kuna damu ya kuoanisha. Nikitoka asubuhi nitamjibu Dada wa Chwaka.